Ukingo wa Dari

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 22:8, Yakobo 2:14–17, 2 Wafalme 4:18–24, Mathayo 19:13–15, Luka 13:10–17, Matendo 6:1–7.

Fungu la Kukariri: Mathayo 18:14. (Kila mshiriki alisome katika Biblia yake mwenyewe na kulikariri kabla ya Sabato.)

Asubuhi ya siku ya kliniki katika zahanati ya umma huko Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju, mabenchi hujaa mapema. Kina mama wamefunga watoto mgongoni kwa kanga, na kadi za kliniki zimetunzwa ndani ya pochi kama hati ya kiwanja. Mzani unaning'inia. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mzani, analia, nesi anaandika uzito, na nukta moja inaongezwa kwenye mchoro wa kadi. Kisha anaitwa mwingine.

Walio kwenye benchi wamefika. Somo la juma hili linauliza habari za wale ambao hawakufika.

Kwa sensa ya mwaka 2022, Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Katika nchi nzima, watu wenye bima ya afya ya aina yoyote wamekuwa takriban 15 kati ya kila 100, na wengi wao ni watumishi wa mshahara na familia zao. Mtoto wa fundi uashi wa Toangoma, wa muuza samaki wa Kunduchi, wa mama lishe wa Tandika, kwa kawaida hana kadi ya bima. Hata hivyo mambo mengi yanayomkinga mtoto huyo na kifo hayahitaji bima kabisa. Kwa nini basi hayamfikii? Na Biblia inamwambia nini jirani yake ambaye kila Sabato hupita mbele ya mlango wao akiwa na Biblia na kitabu cha Shule ya Sabato mkononi?

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Sheria Inayotangulia Ajali

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Je, Mungu anamtaka mwenye nyumba afanye nini, na ni wakati gani anapaswa kukifanya?

Nyumba za Israeli zilikuwa na dari bapa, kama zilivyokuwa nyumba za mawe za miji ya kale ya pwani yetu. Juu ya dari watu walianika kitani, walipumzika jioni, walilala wakati wa joto, na watoto walicheza. Sheria inaagiza nyumba mpya ijengewe ukingo kuzunguka dari yake. Hakuna aliyeanguka bado. Huenda hakuna atakayeanguka. Lakini kama mtu akianguka kwa sababu ukingo haukuwepo, damu yake inahesabiwa juu ya nyumba ile.

Fungu hili limewekwa katikati ya sheria za mambo ya kawaida: ng'ombe aliyepotea, kiota cha ndege, mbegu za shambani. Wasomaji wengi hulipita haraka. Lakini ndani yake mna wazo zito, kwamba mtu anaweza kuwa na hatia ya jambo ambalo hakulitenda, ikiwa alikuwa na uwezo wa kulizuia. Tena ukingo hauna shukrani. Anayeokolewa na ukingo hajui kwamba ameokolewa. Hugusa ukuta, hugeuka, huendelea na mazungumzo yake. Daktari aliyemtibu mtoto nimonia hukumbukwa na familia kwa miaka. Nesi aliyemchoma sindano ya kuzuia nimonia akiwa na wiki sita hakumbukwi na mtu.

Nchini Tanzania ukingo huo hujengwa kwa ratiba. Mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akifikisha wiki 6, kisha 10, kisha 14, hupewa sindano inayokinga magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kimelea kiletacho homa ya uti wa mgongo na nimonia. Chanjo nyingine ya nimonia na ile ya kuhara huendana na ziara hizo. Miezi 9 ni surua na rubella, na miezi 18 ni surua na rubella tena. Kuanzia miezi 6 hupewa matone ya vitamini A kila nusu mwaka, na baada ya kutimiza mwaka mmoja hupewa dawa za minyoo.

Wapo Waadventista wanaojiuliza kama chanjo inapatana na ujumbe wa afya. Ni vema kukumbuka jinsi ujumbe huo ulivyoanza. Majira ya baridi ya mwaka 1863, kabla ya njozi ya Otsego ya Juni 6, watoto wawili wa James na Ellen White walishikwa na ugonjwa wa koo wenye dalili za dondakoo. Mama yao aliwauguza kwa maji, hewa safi na mapumziko, nao wakapona, wakati nyumba nyingi za nchi ile zilikuwa zikizika watoto. Baadaye, aliyekuwa katibu wake, D. E. Robinson, aliandika mwaka 1931 kwamba Ellen White mwenyewe alichanjwa ndui na akawahimiza wasaidizi wake wachanjwe. Mwaka 2015 Kanisa ulimwenguni lilitoa tamko la kuhimiza chanjo inayofanywa kwa uwajibikaji. Mama aliyekesha na watoto wenye koo lililovimba mwaka 1863 hakuwa na sindano ya wiki ya sita. Mama wa Charambe anayo, ikiwa atafika.

Fikiri: ni ukingo gani katika nyumba yako, au katika kanisa lako, ambao hakuna aliyewahi kushukuru kwa kuwepo kwake?

JUMATATU

Bure, Lakini Nauli Je?

Soma Yakobo 2:14–17. Ni kitu gani kilichokosekana katika maneno mazuri ya yule anayemuaga ndugu yake mwenye njaa?

Katika vituo vya umma vya Tanzania chanjo za watoto hazilipiwi. Kupima uzito hakulipiwi. Vitamini A hailipiwi. Zaidi ya hayo, tangu utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, watoto walio chini ya miaka mitano wamo katika makundi yenye msamaha wa malipo, pamoja na kina mama wajawazito. Basi ni rahisi kumwambia mama, "Nenda kliniki, ni bure," kisha kurudi nyumbani na dhamiri safi. Yakobo anaitilia shaka dhamiri hiyo.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua na chai kando ya barabara huko Chamazi. Kliniki huendeshwa asubuhi za siku za kazi, saa zile zile ambazo wateja wake huja. Akienda, hauzi. Asipouza, hana mtaji wa unga wa kesho. Ana mtoto mwingine wa miaka mitatu, na hana wa kumwachia. Nauli ya daladala ni yake na ya kurudi pia. Akifika akiwa amechelewa anaogopa kufokewa mbele ya wenzake, hasa ikiwa kadi imelowa mvua au imebaki kijijini kwa bibi wa mtoto. Akivumilia hayo yote, huenda akaambiwa arudi siku nyingine.

Hili la kurudishwa linahitaji maelezo, kwa sababu wengi hulichukulia kuwa ni uvivu wa wahudumu. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga ndani ya chupa ndogo, na chupa moja kwa kawaida hubeba dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake, inapaswa kutumika ndani ya saa sita, na kinachobaki hutupwa. Akija mtoto mmoja tu, nesi anajua kwamba akifungua chupa anaweza kumwaga dozi tisa, na wiki ijayo zikapungua. Miongozo inataka mtoto asirudishwe, lakini nesi mwenye chupa chache kwenye jokofu huona vingine. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya kifua kikuu. Mama haelezwi habari za chupa. Anachosikia ni, "Njoo Alhamisi." Alhamisi ana vitumbua.

Kwa hiyo mtoto asiye na bima hukosa kinga ambayo bima haikuhitajika kuilipia. Kisha ukosefu wa bima humngoja mbele. Siku anapotimiza miaka mitano msamaha wake hukoma. Mtoto wa miaka sita mwenye homa ni mgonjwa wa kulipia: kumwona daktari, kipimo cha malaria, dawa. Mzazi asiye na fedha ana njia moja iliyo wazi kisheria, nayo ni kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali au kituo na kuomba msamaha kwa sababu ya umaskini. Wengi hawajui kwamba afisa huyo yupo. Wengine wanajua, na wanaona haya.

Taifa limehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa bila malipo, hadi uchumi ulipodhoofika. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 ukiwa wa watumishi wa umma. Mifuko ya Afya ya Jamii iliwalenga wakulima. Ilipoboreshwa, kaya ya watu sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kiwango kiliwekwa juu zaidi. Ikaja Toto Afya Kadi: shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Wazazi wengi waliipenda. Lakini wengi pia waliikata mtoto akiwa tayari amelazwa au amekwisha kugunduliwa na ugonjwa mkubwa, na mfuko ukalipa zaidi ya ulichokusanya. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kwa makundi kupitia shule. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Kuna jambo la kiroho hapa linalostahili kusemwa bila kumlaumu maskini. Yusufu alikusanya nafaka katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41:47–49). Bima ni ghala la namna hiyo: husimama tu ikiwa wazima nao wanaweka. Mzazi mwenye uwezo anayengoja mpaka mtoto augue ndipo akate kadi, anachota katika ghala ambalo hakulijaza, na anayekosa mwishowe ni mtoto wa mwenye vitumbua.

Jadili: ukimwambia jirani "kliniki ni bure", ni gharama gani ambazo hujazihesabu? Ni ipi kati ya hizo ambayo darasa lako lingeweza kuibeba?

JUMANNE

Mpelekeni kwa Mama Yake

Soma 2 Wafalme 4:18–24. Baba alifanya nini mtoto alipolalamika kichwa? Mama alifanya nini?

Habari ya mwanamke Mshunami husomwa zaidi kwa ajili ya ufufuo wa mtoto. Lakini mwanzo wake una picha ambayo kina mama wa Yombo na Buza wataitambua mara moja. Mtoto yuko shambani na baba wakati wa mavuno. Anashika kichwa. Baba anamwagiza mtumishi amchukue mtoto kwa mama yake, na Biblia haisemi kwamba aliacha mavuno. Mama anamweka magotini mpaka adhuhuri, mtoto anakufa. Mama anapoomba punda aende kwa mtu wa Mungu, mume anauliza kwa nini aende siku hiyo, na si mwandamo wa mwezi wala Sabato.

Baba huyu si mtu mbaya. Anatoa punda. Anaamini tu kwamba afya ya mtoto ni kazi ya mama, na kwamba mambo ya mtu wa Mungu yana siku zake. Vivyo hivyo baba mwema wa leo hutoa nauli, pengine, lakini hajui mtoto wake amekwisha kuchanjwa mara ngapi, wala hajui kadi inakaa wapi. Katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato ukiuliza, "Mtoto wako wa mwisho ana kilo ngapi?" wanaume watatazamana.

Soma pia Mathayo 19:13–15. Wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto. Walikuwa na sababu, bila shaka: Mwalimu amechoka, kuna maswali mazito ya sheria, watoto wanapiga kelele. Yesu hakuwakemea waliochelewa wala waliokuja bila utaratibu. Aliwakemea walinzi wa mlango.

Wauguzi wengi wa vituo vya umma hufanya kazi mbele ya foleni ambayo ingemchosha yeyote, na miongoni mwao wamo washiriki wa kanisa. Somo hili linaelekezwa kwao pia. Neno moja la dharau kwa mama aliyechelewa miezi miwili linaweza kumfanya achelewe miaka miwili. Afadhali mtoto aliyechelewa chanjo aanze leo, kwani ratiba huendelea pale ilipokomea. Hahitaji kurudia alizokwisha kupata.

JUMATANO

Siku Sita Ziko

Soma Luka 13:10–17. Je, hoja ya mkuu wa sinagogi ilikuwa na kasoro gani?

Kwa juujuu hoja yake ni nzuri. Mwanamke ameinama kwa miaka kumi na minane. Hayuko katika hatari ya kufa jioni hiyo. Siku sita za kazi zipo. Aje Jumapili asubuhi. Ingekuwa dharura, hata marabi wa wakati ule waliruhusu kuokoa uhai siku ya Sabato. Lakini hii haikuwa dharura.

Yesu anajibu kwa mfano wa ng'ombe na punda. Kila mmoja wao siku ya Sabato humfungua mnyama wake kutoka zizini na kumpeleka kunywa maji. Ni vema kuutazama mfano huo polepole. Kumnywesha punda si kumtibu punda. Punda hajaanguka kisimani. Mfano huo mwingine Yesu aliutoa mahali pengine (Luka 14:5). Huyu ni punda mzima, anayenyweshwa ili asije akadhoofika. Ni kinga. Bwana anasema kinga ya mnyama ilikwisha kukubaliwa na wote kuwa inafaa siku ya Sabato, bila mtu kupiga kura.

Hapa pana swali la kweli kwa makanisa ya Dar es Salaam. Mama Mwadventista wa Mbagala hufunga genge lake jua linapozama Ijumaa. Sabato ndiyo siku pekee katika juma ambayo hapotezi kipato kwa kumpeleka mtoto popote. Yuko kanisani, watoto wako kanisani, jirani aliyemwalika pengine yupo pia. Je, yafaa wauguzi wa zahanati ya karibu waalikwe kuja alasiri ya Sabato na sanduku la ubaridi, mzani na rejesta, wawapime na kuwachanja watoto uwanjani?

Baadhi ya wazee wa kanisa watasema hapana, na wasidharauliwe. Wana hofu kwamba leo ni mizani, kesho ni mnada. Hofu hiyo ina haki yake. Ndiyo maana mpaka uwekwe wazi: siku hiyo fedha isishikwe, chandarua kisiuzwe, mtu asikatiwe bima uwanjani, hayo yana Jumapili yake. Pia kanisa halina mamlaka ya kuchoma mtu sindano. Chanjo hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na huduma yoyote ya mkoba hupangwa na ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa pamoja na kituo husika. Kanisa linatoa uwanja, kivuli, viti, maji ya kunawa na watu.

Lakini mwenye kusema "waje Jumatatu" awe tayari kujibu swali la pili: nani atauza vitumbua Jumatatu? Watu wa Kapernaumu walingoja jua lizame ndipo wakaleta wagonjwa wao (Luka 4:40), maana walimu wao waliwafundisha kungoja. Yesu aliwaponya jioni ile, wala hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakungoja.

Jadili kwa upole: darasa lako lingeweka mpaka wapi, na kwa fungu gani la Biblia?

ALHAMISI

Waliosahauliwa Katika Huduma ya Kila Siku

Soma Matendo 6:1–7. Tatizo liligunduliwaje, na kanisa lilichukua hatua gani?

Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Luka hasemi kwamba walichukiwa. Chakula kilikuwepo, wagawaji walikuwepo, nia ilikuwepo. Ila orodha ilikuwa na matundu, na matundu hayo yaliwapata wageni, wenye lugha nyingine, wasio na ndugu mjini. Mitume hawakuhubiri mahubiri zaidi juu ya upendo. Waliagiza watu saba wachaguliwe, na majina yote saba yaliyoandikwa ni ya Kiyunani. Inaelekea waliosahauliwa walipewa watu wanaowajua.

Pembezoni mwa Dar es Salaam panajaa wageni. Familia imetoka Lindi, Kigoma au Mara, imepanga chumba kimoja Mbagala Kuu, baada ya miezi minane kodi imepanda imehamia Chamazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, mbali na zahanati walizozizoea. Kila uhamisho hukata uzi wa kliniki. Jina linabaki katika rejesta ya kituo cha zamani, mtoto yuko mtaa mwingine, na hakuna anayemtafuta.

Orodha inaweza kuzibwa matundu na watu wa kawaida. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili, vijijini na mijini, waliketi katika vikundi vya kujifunza, wakiwa na redio moja na kijitabu, wakasikiliza kipindi, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi, kijitabu, majadiliano, tendo: mshiriki wa Shule ya Sabato ataona kwamba chombo hicho anacho tayari, na hukitumia kila juma. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio watu wa kushirikiana nao mtaani, wakiwa pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na balozi wa nyumba kumi.

Darasa lenye washiriki kumi na wawili linaweza kuanza na kadi. Kila mshiriki aulize katika nyumba anamoishi, na kwa wapangaji wenzake wa pande zote mbili, kuna watoto wangapi walio chini ya miaka mitano, na kadi zao zinaonyesha nini. Ni busara aende mwanamke anayefahamika, na aombe ruhusa. Kadi ya mtoto si tangazo. Wakipatikana watoto kumi wenye miezi tisa au zaidi ambao hawajapata surua, jambo la chupa ya dozi kumi limekwisha kutatuliwa: wapelekwe siku moja, pamoja, baada ya kuongea na nesi wa zamu. Mmoja wa darasa abaki akiuza vitumbua vya mwenzake asubuhi hiyo. Dorkasi walipe nauli. Mtoto anapopata chanjo ya miezi tisa, mama aulizie pia chandarua chenye dawa, kwa kuwa ziara hiyo ni mojawapo ya nafasi ambazo vyandarua hugawiwa bila malipo.

Kwa mtoto wa miaka sita aliye mgonjwa na asiye na bima, kazi ni nyingine. Mtu mmoja mwenye subira, anayejua kuongea ofisini, aende na mama kwa afisa ustawi wa jamii, akae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Washiriki waliostaafu utumishi wa umma wanafaa sana kwa kazi hii, na mara nyingi hawajawahi kuombwa.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Isaya 58:6–12 na Isaya 65:17–25. Angalia kwamba nabii, anapoonyeshwa mbingu mpya na nchi mpya, miongoni mwa mambo ya kwanza anayoyataja ni mtoto mchanga asiyekufa akiwa na siku chache (65:20).

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 43 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti kama huo wa mwaka 1999 ulikuta 147. Tofauti hiyo imeletwa na mambo mengi yasiyo na mbwembwe: chandarua, matone, sindano, maji ya chumvi na sukari, mama aliyepanda daladala. Hata hivyo utafiti huo huo wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao hawaonekani kuwa wagonjwa. Wanacheza uani na wenzao, wafupi kidogo kuliko umri wao, na ni mchoro wa kadi peke yake unaowasema.

Maswali ya Kujadili:

1. Leteni darasani kadi za kliniki za watoto wenu wenyewe, wakiwemo watoto wa wazee wa kanisa. Ni wangapi wanaweza kuzisoma? Mwombeni muuguzi aliye mshiriki afundishe kwa dakika kumi.

2. Mshiriki mmoja anasema, "Mungu amelinda watoto wangu wanne bila chanjo." Kumbukumbu la Torati 22:8 lingemjibu nini? Jibuni bila kumwaibisha.

3. Yule Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi (Luka 10:35). Kama kanisa lenu lingetenga fedha kidogo kila robo kwa ajili ya watoto wasio na bima, je, zitumike kulipia matibabu ya wachache walio wagonjwa, au nauli na asubuhi za kliniki za wengi walio wazima? Msikimbilie jibu. Mjumbe mmoja atetee upande wa kwanza, na mwingine wa pili.

4. Ni familia gani imehamia mtaani kwenu mwaka huu, ambayo bado hakuna mtu wa darasa lenu anayelijua jina la mtoto wao?